Jina la Jirani wa Dawati



Januari imewadia tena hapa Mandewa. Mvua zimenyesha, alizeti zimechipua hata pembezoni mwa njia, na kila asubuhi, mara tu baada ya Misa, vijana wa Kidato cha Kwanza wanapita mbele ya nyumba ya mapadre wakiwa na sare mpya ambazo bado zina mikunjo ya dukani. Wengine wamebeba majembe, wengine fagio za chelewa, wengine ndoo: vitu vyote vilivyoandikwa katika fomu ya kujiunga na shule. Tukiwatazama, tunatambua jambo moja. Katika orodha ile ndefu ya mahitaji, hakuna mahali palipoandikwa rafiki. Mzazi hununua madaftari, viatu vyeusi na soksi nyeupe. Rafiki hanunuliwi, wala hakuna anayeuliza kama mtoto anaye.

Juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi jambo linaloonekana dogo: namna ya kumsaidia mwanafunzi mgeni awafahamu wenzake wa darasani, nao wamfahamu yeye. Tunaliandika kwa unyenyekevu, kwa kuwa mwaka jana tulilikosea sisi wenyewe, na kosa hilo nusura limgharimu mtoto mmoja elimu yake.

Kuanza shule ya juu kumekuwa daima ni kuanza ugeni. Wazee wetu waliosoma katika miaka ya 1950 wanazikumbuka shule za kati, yaani darasa la tano hadi la nane. Mtoto alimaliza miaka minne ya shule ya msingi karibu na kwao, na wachache waliofaulu walihamia shule ya kati, ambayo mara nyingi ilikuwa mbali na nyumbani. Kabla ya hapo, mwaka 1934, kijana Kambarage Nyerere, mwenye umri wa miaka 12, alitoka Butiama kwenda shule ya Mwisenge, Musoma, umbali wa kilomita 40 hivi. Lugha yake ilikuwa Kizanaki. Kiswahili, ambacho baadaye kilikuwa silaha yake ya kuliunganisha taifa, alijifunzia huko huko shuleni, katikati ya watoto asiowajua. Na baada ya uhuru, kwa miaka mingi, Serikali iliwapeleka vijana wa sekondari kwa makusudi katika mikoa isiyo yao. Mnyaturu akasoma Songea, Mngoni akasoma Tabora. Katika bweni la namna hiyo wote walikuwa wageni, na ugeni wa wote ni nusu ya udugu.

Leo mambo ni tofauti. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulianza mwaka 2004, na hasa kuanzia mwaka 2006 shule za kata zilijengwa nchi nzima kwa nguvu za wananchi. Tena, Januari 2016, ada iliondolewa katika shule za Serikali hadi Kidato cha Nne. Tunamshukuru Mungu kwa hayo, maana milango iliyofungwa imefunguliwa kwa watoto wa maskini. Lakini hebu tuingie ndani ya darasa lenyewe. Wanafunzi 60, zaidi ya 40 wametoka shule mbili za msingi za jirani. Wanajuana tangu darasa la kwanza, wana masimulizi yao, utani wao, hata ugomvi wao wa zamani. Kisha wapo watano au sita waliotoka mbali: huyu kaletwa kwa shangazi, yule kahama na mzazi aliyehamishwa kikazi, mwingine amepangishiwa chumba na anajipikia mwenyewe. Mgeni kati ya wageni hupata wenzake upesi. Mgeni kati ya wenyeji hukaa peke yake katikati ya umati, na mwalimu aliye mbele ya darasa haoni, kwa sababu darasa limejaa.

Sisi tuliuonja ugeni wa aina ya kwanza. Tuliingia seminari ndogo katika miaka ya 1990, tukiwa na tranka la bati na machozi tuliyoyaficha vizuri. Wakubwa walituita njuka, kama desturi ilivyokuwa. Lakini palikuwa na taratibu moja iliyotuokoa. Kila mgeni alipewa mwanafunzi wa kidato cha juu, naye aliitwa malaika mlinzi. Wetu alikuwa kijana mrefu, mchache wa maneno. Usiku wa kwanza, taa zilipokaribia kuzimwa, alituongoza kutoka kitanda hadi kitanda, akasema kwa sauti ya chini: huyu ni fulani, wa Kiomboi, huyu ni fulani, wa Manyoni, anakoroma, usiogope. Alipomaliza safu ya pili akatugeukia na kutuamuru tuyarudie majina yote. Tukayarudia. Tulipokosea alicheka, na aliyetajwa vibaya akacheka kitandani mwake. Tulilala usiku ule tukijua majina 16, nasi tulisikia jina letu likitamkwa gizani na mtu tusiyemwona, akitutakia usiku mwema. Hatujausahau usiku huo hadi leo.

Pamoja na kumbukumbu hiyo, ndugu msomaji, tazama tulivyotenda sisi tulipopewa nafasi ya kuwa malaika mlinzi wa wengine.

Tunafundisha kipindi cha dini mara moja kwa juma katika shule moja ya kutwa, ambayo hatutaitaja. Januari ya mwaka jana, siku ya kwanza, tuliwataka wanafunzi wote wasimame mmoja mmoja waseme majina yao na walikotoka, tena kwa Kiingereza. Tulidhani tunawafanyia wema. Watoto wetu husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha wakiingia sekondari masomo hugeuka kuwa Kiingereza. Ndiyo maana majuma ya kwanza ya Kidato cha Kwanza hutengwa kwa kozi ya kuwaandaa. Tukajiambia kwamba zoezi letu litawasaidia. Waliotoka shule za msingi za Kiingereza walisema upesi, wakakaa wakitabasamu. Zamu ikamfikia kijana mmoja aliyekuwa amekaa nyuma karibu na dirisha. Alitoka kijiji cha wilaya ya Mkalama, na lugha ya nyumbani kwao ni Kinyisanzu. Akasimama. Akasema, "Mai nemu." Akanyamaza. Akaanza tena, "Mai nemu." Mara ya tatu maneno yakawa yale yale mawili, na jina lenyewe halikutoka.

Darasa zima liliangua kicheko. Nasi, tunakiri mbele yenu, tulitabasamu. Kisha tukasema, "Haya, kaa. Anayefuata." Tuliogopa kwamba kipindi kingetuishia.

Baada ya majuma manne au matano, Dominika moja baada ya Misa ya pili, mama mmoja anayeuza vitunguu kando ya barabara kuu alitusubiri mlangoni.

"Tumsifu Yesu Kristo, Baba Padre."

"Milele na milele, Amina. Habari za nyumbani, mama?"

"Si njema sana, Padre. Kijana wangu, mtoto wa kaka yangu, hataki shule. Asubuhi anaondoka amevaa sare na mfuko wa madaftari, kumbe anashinda kule ziwani mpaka wenzake watoke. Juzi ndiyo nimeambiwa."

Tulimwuliza ni kijana gani. Akataja jina lake la ubatizo na jina la baba yake. Tukajaribu kukumbuka, tusikumbuke. Akataja kidato chake, bado. Mwisho, kwa sauti ya aibu, akasema, "Yule wanayemwita Mai Nemu."

Hapo tulimkumbuka mara moja, sura, kiti na dirisha. Wapendwa, hilo ndilo lililotuchoma. Jina alilopewa mbele ya Mungu hatukulijua. Jina alilopewa na kicheko tulilijua sana, na kicheko hicho kilizaliwa katika kipindi chetu.

Jioni ya siku iliyofuata tulikwenda Ziwa Singidani. Tulimkuta juu ya mwamba, daftari mapajani, akitazama ndege wa ziwani. Alipotuona alisimama upesi.

"Shikamoo, Padre."

"Marahaba, mwanangu. Kaa tu."

Tukakaa naye. Upepo ulikuwa mkali kidogo, kama ilivyo kawaida ya Singida. Tulitegemea aseme kwamba Kiingereza kimemshinda, nasi tulikuwa tumekwisha kuandaa maneno ya kumtia moyo juu ya Kiingereza. Hayakuhitajika. Alisema, "Kiingereza nitajifunza, Padre. Lakini kule hakuna anayejua jina langu. Na mimi siyajui majina yao. Nikikosa kipindi, daftari nitamwomba nani?"

Swali lake lilikuwa na hekima kuliko hotuba yetu. Sisi watu wazima tunafikiri kwamba urafiki wa shuleni ni pambo, jambo la mchezo litakalojileta lenyewe. Mtoto yule alituonyesha kwamba ni chombo cha kazi. Asiye na mtu wa kumwomba daftari hawezi kulifikia somo lililompita. Asiye na mtu wa kutembea naye njiani huona kilomita tano kuwa kumi. Asiye na wa kumwambia "leo sikuelewa" huamua kwamba yeye peke yake ndiye asiyeelewa, na kutoka hapo hadi kwenye mwamba wa ziwani si mbali.

Tulimwomba msamaha pale pale. Halafu tulimwahidi kwamba tungeuomba pia mbele ya darasa, kama angekubali. Alifikiri, akasema, "Msiwaambie habari ya ziwani." Tukaahidi, na hata haya tunayoyaandika leo tumemsomea kwanza, naye akaridhia. Jina lake tunalijua sasa. Hatuliandiki hapa kwa kuwa limekwisha kuchezewa vya kutosha.

Usiku ule tulikumbuka habari moja tuliyoisoma tukiwa seminari kuu, katika somo la saikolojia. Mwaka 1971, katika mji wa Austin, jimbo la Texas, Marekani, shule zilikuwa zimeanza kuwachanganya watoto weupe, weusi na wenye asili ya Mexico, na ugomvi ulikuwa mkubwa. Mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake waliitwa kusaidia. Hawakuhubiri upendo. Waliligawa darasa katika vikundi vidogo vya watoto watano au sita, wakaligawa somo katika vipande, kila mtoto akapewa kipande kimoja tu cha kujifunza na kuwafundisha wenzake. Hakuna aliyeweza kufaulu bila kuwasikiliza wote. Katika kundi moja alikuwamo mtoto ambaye Kiingereza hakikuwa lugha ya kwao. Alipokwama, wenzake walimdhihaki. Msaidizi wa darasa hakuwakemea. Aliwakumbusha tu kwamba mtihani unakuja baada ya muda mfupi, na kipande hicho anacho mtoto huyo peke yake. Baada ya siku chache watoto wale wakajifunza kumwuliza maswali mazuri, kwa subira, na katika kumwuliza wakagundua kwamba ana akili.

Tulizungumza na mwalimu wa darasa, mama mwenye moyo mkubwa, tukajaribu. Wanafunzi 60, makundi 12 ya watano watano, na hakuna kundi lililoruhusiwa kuwa na wanafunzi wa shule moja ya msingi peke yao. Somo lilikuwa maisha ya Mtume Paulo: utoto wake Tarso, njia ya Dameski, kupokelewa kwake na Barnaba, kuvunjikiwa merikebu karibu na Malta, na kifungo cha Roma. Kabla ya kuanza tuliomba msamaha kwa kicheko cha Januari, bila kumtaja mtu. Palikuwa kimya. Kisha tukaruhusu Kiswahili.

Kijana wetu alipata kipande cha merikebu. Mmoja wa kundi lake akasema, "Mai Nemu, harakisha." Mwalimu wa darasa, aliyekuwa karibu, akasema kwa upole, "Maswali ni baada ya dakika 10, na hakuna mwingine mwenye kipande hicho." Basi wakanyamaza. Naye akasimulia polepole, kwa lafudhi ya kwao, upepo, shehena iliyotupwa baharini, watu walioogelea na wengine walioshika mbao. Bahari hakuwahi kuiona, lakini alikuwa ameshinda siku nyingi kando ya ziwa lenye mawimbi. Msichana mmoja akamwuliza, "Kwani abiria wote walipona?" Akajibu, "Wote." Kisha msichana yule akauliza, "Wewe unaitwa nani hasa?" Hilo halikuwa katika mpango wetu wa somo.

Kutokana na safari hiyo tumejifunza mambo machache, nasi tunayaweka mbele yenu, wazazi na walimu.

Kwanza, tusimsimamishe mgeni peke yake mbele ya umati. Wakalishwe wawili wawili, waulizane kwa dakika tano kwa lugha wanayoimudu: jina lako ni nani na lina maana gani, nyumbani mko wangapi, kazi gani unaiweza vizuri. Halafu kila mmoja amtambulishe mwenzake. Kumsemea mwingine ni kwepesi kuliko kujisemea, na aliyekutambulisha amekwisha kuwa shahidi wako.

Pili, majina yafundishwe kama somo lingine lolote. Katika kundi la kumi, wa kwanza ataje jina lake. Wa pili ataje la kwanza na lake. Hivyo hivyo hadi wa kumi. Wanaosahau wasaidiwe na wenye majina. Baada ya juma makundi yachanganywe upya. Mwalimu naye ashiriki, akosee, achekwe yeye.

Tatu, viti vibadilishwe kila baada ya majuma mawili, ili kundi lililokuja limefungamana lilegee bila kuvunjwa.

Nne, wapeni kazi ya pamoja. Kuchota maji, kufyeka nyasi, kumwagilia bustani: mikono ikishika ndoo moja, ulimi hufunguka. Lakini wapange walimu. Wakiachiwa wachague wenyewe, mgeni atabaki wa mwisho.

Tano, tafuteni wanaorudi kwa njia moja. Darasani mtoto ana dakika chache za kuzungumza. Njiani ana saa nzima. Aidha, ni ulinzi kwao, hasa kwa wasichana.

Sita, wazazi, jioni tusiulize tu "shule ilikuwaje?" Jibu litakuwa "nzuri," na hapo mazungumzo yatakuwa yamekwisha. Tuulize, "Leo umekaa na nani? Umejifunza jina gani jipya?" Mtoto akikosa jina la kutaja siku ya kumi, ya kumi na tano, tumfuate mwalimu wa darasa. Na akimleta mwenzake nyumbani, sahani ya ugali na mlenda isipungue kwa ajili yake.

Juu ya majina ya utani, tuseme neno moja. Sisi Watanzania tunaupenda utani, na wazee wetu waliutumia kwa busara. Mtani alikuwa mtu wa kuja kukusaidia msibani hata kama amekucheka arusini. Utani usiokuwa na wajibu huo ni dhihaka tu. Katika Matendo ya Mitume tunakutana na mtu wa Kipro aliyeitwa Yosefu, na mitume wakampa jina lingine, Barnaba, kwa sababu alijua kuwatia watu moyo. Hilo lilikuwa jina la utani linalojenga. Na ni Barnaba huyo huyo ambaye, wakati wanafunzi wa Yerusalemu walipomwogopa Sauli na kumkwepa, alimchukua kwa mkono wake, akampeleka kwa mitume, akawasimulia habari zake. Tunamsifu Paulo kwa nyaraka zake na safari zake, na ni haki. Lakini mtu mmoja alikubali kwanza kusimama karibu naye na kusema: huyu namjua.

Hatutaki kuwadanganya kwamba yote yamenyooka. Kijana wetu sasa yuko Kidato cha Pili. Kiingereza chake bado kinachechemea, na wapo wanaomwita bado kwa jina lile, ingawa wamepungua. Siku zile alizoshinda ziwani zilimpunguzia alama, na anaendelea kuzilipa. Lakini anarudi nyumbani na wenzake watatu, na daftari analo wa kumwomba. Jumatatu iliyopita, tukipita karibu na shule, tulimwona akiwa na mgeni mmoja wa Kidato cha Kwanza, mdogo, sare yake ikimpwaya, wakielekea kwenye bomba la maji na ndoo moja katikati yao. Hatukusikia walikuwa wakisema nini.

Ndugu msomaji, pengine hata wewe unaye jirani wa dawati usiyelijua jina lake: kazini, sokoni, katika jumuiya ndogo ndogo, au kwenye benchi la kanisa mnapopeana amani kila Dominika. Tumwulize jina juma hili, na tulikumbuke.

Tunawatakieni nyote juma jema, na kwa namna ya pekee wanafunzi wetu wa Kidato cha Kwanza. Tukutane tena juma lijalo, Mungu akipenda.